Sahani ya Mfungo Hurlingham: Mkahawa wa Kihabeshi Tulioupata Bila Kuutafuta

Anayetaka kupima mkahawa wa Kihabeshi asianze na nyama. Aende Jumatano au Ijumaa, siku ambazo waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai, kisha aagize sahani ya mfungo, ile inayoitwa beyaynetu. Hapo mpishi hana samli wala supu ya mifupa ya kumficha. Amebaki na vitunguu, mafuta, viungo na subira yake. Kwa kipimo hicho, mkahawa mdogo tulioingia Hurlingham, jijini Nairobi, Ijumaa moja usiku, umewashinda wengi wenye majina makubwa, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyetoka nyumbani akiwa na nia ya kula huko.

Tulikuwa tumetoka kutazama mchezo wa kuigiza katikati ya jiji, na mpango ulikuwa nyama choma, kama ilivyo ada ya Ijumaa kwa watu wengi wa Nairobi. Kule tulikokusudia meza zote zilikuwa zimeshikwa, na katika kuzunguka karibu na Barabara ya Argwings Kodhek tukitafuta pengine, mwenzetu mmoja akanusa ubani ukitoka kwenye mlango usio na taa ya maana wala bango la kusomeka kutoka barabarani. Ndani, karibu wateja wote walikuwa Wahabeshi wenyewe, wazee kwa watoto. Jamii hiyo imeongezeka Nairobi tangu miaka iliyofuata mapinduzi ya 1974 yaliyomng'oa Mfalme Haile Selassie, na migahawa yao si migeni Hurlingham wala Kilimani; lakini mingi niliyowahi kuingia imelainisha pilipili na kupunguza uchachu ili kutupendeza sisi wengine. Huu haujafanya hivyo.

Baada ya kunawishwa mikono tuliletewa sinia moja kubwa kwa ajili ya wote, injera, ule mkate mwembamba laini wa Kihabeshi, imetandazwa hadi ukingoni, na juu yake mafungu ya vyakula vya rangi mbalimbali: kamande nyekundu zilizopikwa kwa berbere, njegere kavu za manjano zisizo na pilipili, kabeji kwa karoti na viazi, bitiruti, na mboga za majani ambazo Mkenya yeyote atazitambua mara moja kuwa ni sukuma wiki, ila hizi zilikuwa zimepikwa taratibu kwa kitunguu saumu na tangawizi hadi zikalainika bila kupoteza rangi. Kamande ndizo zilizonishangaza. Berbere ni mchanganyiko wa pilipili kavu, uwatu, iliki na viungo vingine vingi, na usipokaangwa vya kutosha huacha ukali mbichi kooni. Hapa ukali ulikuja polepole, nyuma ya utamu wa vitunguu vilivyokwisha kuyeyuka kabisa ndani ya mchuzi.

Injera yenyewe inastahili kuzungumziwa peke yake. Ilikuwa ya tefu, ile nafaka ndogo kuliko wimbi, yenye rangi ya kijivu inayoelekea hudhurungi, na uchachu wake ulikuwa ule ule wa uji uliochachushwa vizuri, jambo linaloonyesha kwamba rojo lilipewa siku zake za kuumuka wala halikuharakishwa kwa hamira. Injera hupikwa upande mmoja tu, chini ya kifuniko, ndipo juu yake hutokea vile vitundu vinavyonyonya mchuzi. Kipande kilicholala chini ya shiro, yaani rojo zito la unga wa dengu lililofika mezani likichemka ndani ya chungu chake, tulikigombania mwishoni kama watoto.

Mwenzetu asiyeamini mlo usio na nyama aliagiza doro wat, kwa kuwa wasiofunga nao huhudumiwa. Ni mchuzi mweusi wa kuku wenye yai zima la kuchemsha ndani yake, na asili ya uzito wake ni vitunguu vingi vinavyokaushwa sufuriani kwa muda mrefu kabla ya samli kutiwa. Mchuzi ulikuwa mzuri sana. Kuku alikuwa mkavu kidogo. Kufikia katikati ya mlo, mkono wa bwana huyo ulikuwa umehamia upande wa kamande, na sikumwuliza sababu.

Kasoro zipo. Orodha ya vyakula inataja majina bila maelezo yoyote, na mhudumu, ambaye alikuwa mpole na msikivu, alikuwa peke yake akihudumia ukumbi mzima, hivyo mgeni asiyejua aagize nini atangoje sana. Televisheni ilikuwa imefunguliwa kwa sauti iliyotulazimu kuinamiana ili tusikilizane. Maegesho ni ya kubahatisha, na anayekuja kwa gari afadhali aje mapema. Bei, kwa upande mwingine, haina lawama: tulilipa chini ya shilingi 1,500 kila mmoja, kahawa ikiwemo, na sinia lilitushinda kumaliza.

Hiyo kahawa nayo si ya kunywa huku umesimama. Buni mbichi hukaangwa mbele ya wageni, sufuria ikapitishwa mezani ili kila mtu avute moshi wake, kisha buni ikatwangwa na kuchemshwa katika jebena, birika la udongo lenye shingo nyembamba. Humiminwa mara tatu, abol, tona na bereka, kila mmimino ukiwa mwepesi kuliko uliotangulia, katika vikombe vidogo visivyo na mkono ambavyo mtu wa Mombasa au Lamu hatahitaji kufundishwa kuvishika. Pembeni huletwa bisi. Shughuli nzima huchukua muda mrefu na hufanywa na mtu mmoja kwa meza zote, kwa hiyo ni vyema kuiagiza wakati sinia lingali mezani; meza iliyokuwa karibu nasi iliagiza baada ya kulipa, na tulipoondoka bado walikuwa wanangoja buni zikaangwe.