Miezi mitatu nikimtafutia baba huduma za askari wastaafu Nairobi: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano. Ya tatu imetokana na muuguzi mmoja, nitamfikia.

Baba aliingia Jeshi la Nchi Kavu mwaka 1974 na kustaafu 1997 akiwa sajini, kitengo cha mawasiliano. Mwaka 1989 alikuwa kwenye kikosi cha Kenya kilichopelekwa Namibia chini ya Umoja wa Mataifa, nchi ile ilipokuwa ikijiandaa kwa uchaguzi na uhuru. Medali ya safari hiyo ameifunga kwa kitambaa na kuiweka ndani ya kopo la majani chai. Sasa ana miaka 71, tunaishi mtaa wa Umoja, na riziki yake ya ziada ni kutengeneza redio na simu. Alikuwa akifanyia kazi hiyo kwenye veranda ya duka la mtu, na mwenye duka akaihitaji veranda yake. Ndipo tukaamua kuomba kibanda katika soko la kaunti, na papo hapo tuulize kama aliyelitumikia jeshi ana nafuu yoyote.

Kwa chifu mambo yalikwenda vizuri. Barua ya utambulisho tuliipata asubuhi hiyo hiyo bila kutoa hata shilingi. Nikauliza pia kuhusu Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi kwa wazee waliofika miaka 70, tukaelezwa kwamba anayepokea pensheni ya serikali hahesabiwi humo. Sikulalamika, utaratibu ndio huo. Ila nilitoka pale nikiwaza kwamba baba anajulikana serikalini pale tu anapostahili kuondolewa kwenye orodha.

Kazi ilikuwa katika ofisi ya kaunti ndogo. Karani alichukua barua, akatazama nakala ya cheti cha kustaafu jeshini, akaturudishia cheti.

"Mzee, mambo ya jeshi ni ya Wizara ya Ulinzi. Hapa ni kaunti."

Baba alikuwa amesimama wima, mikono imeshuka ubavuni, kama aliyeitwa mbele ya mkubwa wake. Kiuno kinamsumbua, na kiti kilikuwepo, lakini hakuambiwa aketi na yeye hakai mpaka aambiwe. Nilisema, "Baba, keti." Akanijibu polepole, "Ngoja kwanza tumalize, mama." Hicho ndicho kilichoniuma kuliko majibu yenyewe.

Nikisema ukweli, karani hakusema uongo. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inaiachia serikali ya kitaifa ulinzi. Lakini jedwali hilo hilo linazipa kaunti masoko, leseni za biashara, zahanati na hospitali za kaunti, hata makaburi. Sasa hesabu mwenyewe: jina la mzee na namba yake ya jeshi viko upande mmoja, na kila anachokihitaji kuanzia kibanda mpaka dawa kiko upande wa pili. Anayempokea mlangoni hana njia ya kumtambua, na anayemtambua hana kibanda cha kumpa.

Fomu tuliyojaza ilikuwa na visanduku vya kuweka alama: kijana, mwanamke, mtu mwenye ulemavu. Nimefurahi kwamba makundi hayo yamefikiriwa, kwa sababu yalipiganiwa. Nilipekua kurasa zote mbili nikitafuta askari mstaafu. Hayupo.

Mara ya pili nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Kenya ina sheria maalum ya wanajeshi wastaafu, iliyopitishwa mwaka 2022, kwa hiyo niliifungua kwenye simu na kuomba kuonana na msimamizi. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alimkaribisha baba kitini, akasoma kwa makini, kisha akasema hajapokea maagizo yoyote ya kumwongoza aitumie vipi kwenye ugawaji wa vibanda. Tulizungushwa safari nne kwa jumla: mara faili haionekani, mara mwenye muhuri ametoka, mara njooni Jumatatu. Nauli tu imekula zaidi ya shilingi elfu moja.

Siku moja baada ya kurudishwa tulipitia Kenyatta Avenue, na baba akataka tusimame kwenye sanamu za askari. Ziko tatu za shaba, za wale wa vita vya 1914 hadi 1918, na mmoja wao ni mpagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo, watu wale wale waliotuachia jina la mtaa wa Kariokor. Maandishi ya Kiswahili yaliyo chini yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Baba aliyasoma yote kwa sauti ya chini. Nilifikiria jinsi mji huu ulivyoweza kumkumbuka hata aliyebeba mizigo, na aliye hai amesimama hapa na bahasha ya kaki mkononi.

Sasa muuguzi. Baba alipelekwa hospitali ya kaunti kwa ajili ya kile kiuno, foleni ilikuwa imefika nje. Dada huyo alipokuwa akiandika historia yake alimuuliza amefanya kazi gani maishani. Aliposikia jeshi aliweka kalamu chini. "Ulianguka? Ulibeba mizigo mizito? Masikio yako yanasikia sawa?" Hakuna aliyewahi kumuuliza baba kuhusu masikio, na kwa miaka mingi sisi nyumbani tumekuwa tukidhani ni ukaidi wa uzee. Alimwandikia apimwe. Hakumpitisha mbele ya wengine na hatukuomba hivyo. Wakati tunaondoka alimwambia, "Asante kwa kututumikia, baba." Njiani baba hakusema neno mpaka tulipofika soko la Burma, akaniuliza tena yule binti anaitwa nani.

Kibanda kimepatikana, lakini kwa foleni ya kawaida na kwa ada kamili. Kuwa askari hakukuongeza wala kupunguza chochote.

Kwa mwenye mzazi kama wangu: toeni nakala za cheti cha kustaafu, kitambulisho na karatasi ya pensheni, na msiache cheti halisi kwa karani yeyote. Mzee mwenzake baba aliye katika DEFOCA, chama cha wastaafu wa jeshi, ndiye aliyetufundisha kuandika kila ombi kwa barua na kudai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Maneno ya mdomo hupotea pale pale dirishani. Na hospitalini semeni mapema kwamba mgonjwa alikuwa jeshini, msingoje aulizwe.

Nimeandika barua kuomba kisanduku kimoja tu kiongezwe kwenye ile fomu. Nakala yangu ina muhuri. Sijajibiwa, na jibu likija nitaliongeza hapa. Majibu ya masikio ya baba yanatoka wiki ijayo.