Kifaa cha Moyo Katika Chumba cha Kujifungulia: Tathmini ya Mkunga

Moyo ni kifaa cha kupimia mapigo ya moyo wa mtoto wakati wa uchungu, kilichotengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway na kufanyiwa utafiti hapa Tanzania katika hospitali za Haydom na Muhimbili. Kinaweza kutumika kwa vipindi au kufungwa tumboni kwa mkanda.

Ubora wake mkubwa ni kumbukumbu. Mwongozo unatutaka tusikilize mapigo kila baada ya dakika 15 hadi 30 katika hatua ya kwanza ya uchungu, na kila baada ya dakika 5 mama anaposukuma, jambo ambalo mkunga mmoja anayehudumia wazazi wanne hawezi kulitimiza kwa fetoskopu, ile pembe ya kusikilizia tumboni, hata awe hodari kiasi gani. Kioo cha Moyo kinahifadhi mapigo ya dakika 30 zilizopita, hivyo mkunga anayerudi kutoka kitanda kingine anaona kama mapigo yalishuka chini ya 110 au kupanda juu ya 160 kwa dakika alipokuwa hayupo, na kengele humwita yasipokaa sawa.

Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, ni kwamba kinapima pia mapigo ya mama anapogusa sehemu zake za chuma kwa vidole. Mama mwenye homa au aliyepoteza damu nyingi anaweza kuwa na mapigo 130 kwa dakika, na mkunga aliyechoka akayaandika kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu, kuwa ya mtoto, kumbe mtoto amekwisha kufariki. Namba mbili, ya mama na ya mtoto, zikikaribiana, lazima ushtuke.

Kasoro zipo. Mama akijigeuza au mtoto akishuka, sauti hupotea na inabidi kitambuzi kihamishwe; jeli na chaji ni gharama za kila siku; na mkanda usiposafishwa vizuri baada ya kila mzazi unakuwa njia ya maambukizi. Baadhi ya wazazi pia huona unawabana na kuwazuia kutembea, na kwa mama mwenye afya njema asiye na dalili za hatari sioni sababu ya kumfunga muda wote, kwa kuwa hata Shirika la Afya Duniani linapendekeza kumsikiliza kwa vipindi.

Wanunuzi wajue vilevile kwamba tafiti za Haydom na Muhimbili ziligundua watoto wengi zaidi wenye mapigo yasiyo ya kawaida, lakini hazikuonyesha tofauti ya wazi katika matokeo ya watoto hao. Sishangai. Kengele ikilia, kazi inayofuata ni ya watu: kumlaza mama kwa ubavu, kusimamisha dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, kumwita daktari, kufungua chumba cha upasuaji. Hospitali ambayo mtaalamu wa usingizi hupatikana asubuhi tu ingeanza kwa kumwajiri wa usiku, kisha ndiyo inunue Moyo. Yenye timu kamili ikinunue sasa, na fetoskopu zibaki mezani kwa siku ambayo chaji itakwisha.