Dar hadi Iringa kwa Noah ya kukodi: uzoefu wangu

Mama alikuja Dar kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Siku ya kumrudisha Iringa sikutaka apande basi. Ni karibu kilomita 500, na basi linasimama pale tu kondakta anapotaka lisimame. Nikakodi Noah na dereva, laki saba pamoja na mafuta. Kwa hela ile nikaona tukikimbia moja kwa moja tutakuwa tumelipia viti tu. Nikamwomba wakala tusimame njiani sehemu tano, akakubali.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, na hapo nilikosea hesabu. Kuanzia Kimara hadi Chalinze ni malori na foleni, hakuna cha kutazama. Tulifika Morogoro saa mbili na nusu tumeshachoka, ingawa Milima ya Uluguru ilikuwa wazi bila wingu na Mama alikunywa chai yake akiitazama. Safari nyingine nitapanda treni ya SGR hadi Morogoro, gari litukute stesheni. Nawashauri mfanye hivyo.

Kutoka Morogoro ndipo safari ilipoanza kuwa tamu. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na anayepita njia hiyo halipi kiingilio. Mwendo mwisho ni 70 mchana, na kuna vibao vya faini kwa atakayemgonga mnyama. Dereva wetu alikwenda taratibu kuliko hata kibao kilivyotaka. Tuliona swala, twiga, nyani wengi mno, na tembo watatu karibu na lami. Kushuka hairuhusiwi, wala kuwarushia nyani ndizi, hata kama utaona wengine wakifanya hivyo. Mama amepita hapo zaidi ya miaka thelathini, mara nyingi amesinzia au yuko upande usio wa dirisha. Alishika kioo kwa mikono miwili akaanza kuwahesabu twiga kwa sauti.

Kuingia ndani ya hifadhi ni jambo jingine: kuna kiingilio, na muda wake ni nusu siku. Ukitaka kufika Iringa kabla ya giza, acha.

Baada ya mji wa Mikumi unakuja bonde la mibuyu, na kwangu hapo ndipo penye thamani ya laki saba. Mibuyu imejaa kwenye miteremko pande zote mbili, mingine ina matumbo kama matangi ya maji, na Mto Ruaha Mkuu unapita jirani na barabara. Ndani ya basi hiyo ni dakika chache za vumbi na joto. Sisi tulishuka, tukatembea hadi chini ya mbuyu mmoja, Mama akaupapasa. "Kumbe ni mkubwa hivi," akasema, "mimi nilikuwa naona kivuli tu." Nilikaa kimya, koo limenibana.

Ruaha Mbuyuni tulikula wali na kununua vitunguu. Hapohapo ofisi ikampigia dereva: kila kituo kinachozidi dakika thelathini kinalipiwa zaidi. Hilo hatukuwa tumeambiwa. Nilimtumia wakala ujumbe wake mwenyewe wa WhatsApp, ambao ulitaja vituo lakini haukutaja muda, tukabishana, mwishoni nikalipa elfu arobaini. Iliniuma, kwa sababu dereva ndiye aliyebaki katikati na hakuwa na kosa. Nanyi mkikodi, andikeni vituo, dakika za kusubiri, na nani analipa chakula cha dereva. Ujumbe usiotaja dakika haukusaidii.

Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya msururu wa malori. Dereva akishawishika kupita lori kwenye kona zile, mkataze. Wetu hakuhitaji kukatazwa. Juu hewa inabadilika ghafla, Mama akaomba kitenge. Ilula tukachukua ndoo ya nyanya, haraka tu.

Kituo cha mwisho, Lugalo, alikichagua Mama. Ni kando ya barabara, kabla ya kufika Iringa mjini. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa chifu Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, na Zelewski akauawa. Mnara uliopo uliwekwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Mama alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akamsimulia dereva habari za Mkwawa kwa mpangilio ambao hata mimi mwanawe sikuwahi kuusikia, hadi fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na sasa liko makumbusho ya Kalenga. Dereva, kijana wa Pwani, alizima injini ili asikie vizuri.

Tuliingia Iringa saa kumi na moja na nusu jioni, Mama akiwa macho. Isimila tuliiacha, maana iko mbele ya mji kama kilomita 20 kwenye njia ya Mbeya, na nguzo zake za asili za udongo zinataka asubuhi nzima. Wakala yule sitamtumia tena. Dereva ninayo namba yake, na Desemba nimeshamwambia atukute stesheni ya Morogoro.