Seti ya kutia njumu ya opali na feruzi: opali safi sana, gundi imeniangusha

Nimekaa na hii seti karibu miezi minne sasa, pete mbili nimezimaliza kabisa, ya tatu nimeirudia mara mbili na kidani bado kiko mezani, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyefungua boksi jana akapiga picha akaweka nyota tano. Jina la kampuni silitaji, seti za namna hii ziko nyingi na zinafanana mno, ukisoma vilivyomo ndani utajua kama unayoitaka wewe ni ya aina hii.

Vilivyomo: pete tatu za fedha zenye muhuri wa 925 (yaani fedha asilimia 92.5) na mfereji umeshachongwa tayari, kidani kimoja chenye vijumba saba vidogo, chenga za opali ya maabara rangi tatu, pakiti moja ya chenga imeandikwa "feruzi asilia", poda nyeusi kidogo, gundi ya UV (inayokaushwa kwa mwanga) na kitaa chake, kibanio, na misasa kuanzia namba 220 mpaka 3000. Barakoa hamna, glavu hamna, na hilo limenikera, ntalirudia huko chini.

Kama hujawahi kufanya, kazi yenyewe kwa maneno ni nyepesi: unajaza chenga za mawe kwenye mfereji, unazishika kwa gundi, unapandisha juu kidogo kuliko ukingo wa chuma, gundi ikikauka unasaga mpaka jiwe na chuma viwe sawa. Kipimo ni kucha. Unapitisha ukucha kutoka kwenye fedha kwenda kwenye jiwe na kurudi, ukikwama popote bado hujamaliza. Hicho kipimo kimenifanya nirudie kazi usiku nikiwa nimeshazima taa naenda kulala, nikashika pete gizani nikasikia kaukingo, nikawasha taa tena.

Nianze na kizuri maana kipo. Opali ni safi jamani, safi kweli. Ni ya maabara na wameandika wazi kabisa kwenye pakiti, hawajadanganya, na mtu asije akakwambia opali ya maabara ni plastiki iliyopakwa rangi. Rangi ya opali haitokani na kupakwa kitu, ndani yake kuna vijiduara vya silika (kitu kile kile cha kwenye mchanga) vidogo mno, kati ya nanomita 150 na 300 hivi, vimepangwa kwa mpangilio, mwanga ukipita hapo katikati unagawanyika unatoka rangi rangi. Mfaransa Pierre Gilson ndo alileta opali ya kutengenezwa sokoni mwaka 1974, na hizi za kwenye seti zinafuata wazo lile lile la kupanga vijiduara. Kwa kazi ya chenga mimi naona ni bora hata kuliko ya asili, maana ya asili ina maji ndani, mara nyingi asilimia 3 mpaka 10, ukiipasha joto kwa pupa inapasuka, na kuisagasaga opali nzuri ya asili ili ujaze mfereji moyo unauma.

Ile poda nyeusi usiidharau. Pete yangu ya kwanza nilijaza opali juu ya fedha tupu, nikapata kitu cheupe cheupe kimepauka, rangi unaitafuta kwa tochi. Ya pili nikachanganya poda na tone la gundi nikapaka chini ya mfereji, nikaacha ikauke, halafu ndo nikaweka chenga zile zile kutoka pakiti ile ile. Aisee. Nilikaa na hiyo pete chini ya taa ya meza naigeuza taratibu, kijani kinazimika upande huu huku nyekundu inawaka upande ule, kuna kachenga kamoja karibu na muhuri kana bluu ambayo inaonekana ukiinamisha mkono tu basi, na nikiwa sina kazi najikuta nakatafuta. Chini kukiwa kweusi mwanga haurudi ovyo, unabaki unaona ile rangi peke yake.

Sasa gundi. Hapa ndo seti imeniangusha na nataka nieleze vizuri kwa sababu maelekezo yao yamekaa kimya kabisa. Gundi ya UV inakauka pale tu mwanga unapofika, basi. Kwenye opali haina shida sana, opali inapitisha mwanga, ukijaza tabaka jembamba, ukamulika, ukajaza lingine, ukamulika, inashika. Feruzi haipitishi mwanga hata kidogo. Juu inakauka inang'aa unafurahi, chini ya kila chenga gundi imebaki mbichi na wewe huoni. Pete yangu ya tatu ilikuwa ya feruzi na opali kwa zamu, nusu mfereji hivi nusu vile, nikaisaga, nikaing'arisha, nikaivaa kama wiki tatu, siku moja nanawa mikono naona kipande cha bluu kimekaa kwenye povu. Nikachukua lenzi nikachungulia lile shimo nikakuta chini kunanata, nikigusa kwa sindano inavutika kama jana tu. Upande wa opali ulikuwa umeshika ngangari, hapo ndo nikaelewa tatizo ni nini.

Nilichofanya: nimekwangua mfereji wote wa upande ule, nikaufuta na spiriti, nikatumia gundi ya epoksi ya pakiti mbili za kuchanganya, ile ya kukauka kwa saa 24 na siyo ile ya dakika 5, maana ile ya haraka inakuwa laini na inageuka njano mapema. Unapima nusu kwa nusu kweli kweli, ukikadiria kwa macho haikauki sawa. Unakoroga taratibu ili usiingize hewa, unapaka kidogo chini ya mfereji, unapanga chenga kwa kijiti cha meno moja baada ya nyingine, unazikandamiza zishikane, unajaza vumbi la jiwe kwenye nyufa, unaongeza epoksi juu. Halafu unaiacha. Hata ukiigusa baada ya saa sita ukaona ngumu, iache mpaka kesho. Wengine wanapenda supaglu nyepesi ile inayopenya yenyewe kati ya chenga, nimeijaribu na inafanya kazi vizuri, ila usipulize dawa ya kuikausha haraka, inachemka inatoa vipovu vyeupe na ukisaga hivyo vipovu vinakuwa matundu kama yametobolewa na pini.

Tukija kwenye hiyo "feruzi asilia", si feruzi. Nasema hivi nimeshapima. Nilipoanza kuisaga kwa msasa 400 nikaona katikati ya kila chenga kunatokea weupe, nikadhani ni vumbi, nikasuuza, weupe uko pale pale. Nikachukua pamba nikaichovya kwenye asetoni nikasugua kachenga kamoja ambako sijakatumia, pamba ikatoka bluu. Feruzi ya kweli haitoi rangi hivyo. Kwa ninavyoiona mimi hii ni haulaiti, jiwe jeupe lenye vimishipa ambalo linapakwa bluu mara nyingi kuigiza feruzi, na ni laini, ugumu wake ni 3.5 kwenye kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs wakati feruzi ni 5 mpaka 6. Wangeandika "haulaiti iliyopakwa rangi" nisingekuwa na neno, ni jiwe zuri tu kwa mazoezi. Kumwandikia mtu "asilia" wakati anajifunza, anatoa jasho lake, anasaga masaa mawili halafu anakuta weupe, hiyo siyo haki. Niliwaandikia wauzaji wakanijibu kwamba rangi hutofautiana kati ya jiwe na jiwe. Sikuuliza habari ya rangi kutofautiana.

Na hapa nitenganishe kitu maana watu wanachanganya. Feruzi iliyoimarishwa kwa resini siyo feki. Feruzi ina vitundu vidogo vidogo, inanyonya mafuta ya ngozi, jasho na losheni, na inaweza kugeuka kijani baada ya muda, kwa hiyo nyingi ya sokoni inanyweshwa resini ili iwe ngumu na ishike rangi yake, na kwa njumu hiyo ndo unayoitaka. Ile ya bluu safi bila mishipa imekuwa ngumu kupata zaidi tangu mgodi wa Sleeping Beauty kule Arizona uache kutoa feruzi mwaka 2012, sasa ukiona mtu anakujazia pakiti ya bluu safi kabisa kama zawadi ndani ya seti, chukua pamba na asetoni kabla hujachukua gundi.

Pete zenyewe nzuri. Mfereji umechongwa sawa, kina ni kama milimita moja, kuta zake zimesimama wima na chini pamekwaruzwa makusudi ili gundi ishike, hiyo ni akili. Kidani ndo kimenivutia zaidi, vile vijumba vimetenganishwa na kuta nyembamba za fedha, kila jiwe linakaa kwenye chumba chake, staili ambayo Wazuni, wenyeji wa asili wa New Mexico kule Marekani, wanajulikana nayo sana. Kuta zile ni nyembamba mno ila, ukisaga kwa nguvu zinalala.

Kusaga ndo kazi yenyewe, robo tatu ya muda wangu imeenda huko. Fedha ni laini kuliko jiwe, ugumu wake haufiki hata 3, kwa hiyo ukizungusha msasa kwa kidole chuma kinaliwa haraka, kingo zinaanguka, jiwe linabaki limevimba katikati. Bandika msasa kwenye kijiti bapa kigumu. Nilitumia rula ya mbao niliyoikata na tofauti niliiona siku hiyo hiyo. Usiruke namba. Mimi niliruka kutoka 400 kwenda 1000 nikaona kumekuwa kulaini nikasonga mbele, kufika 3000 mikwaruzo ya 400 imejaa pale inang'aa na yenyewe, nikarudi mwanzo. Misasa ya kwenye seti inatosha pete moja na nusu hivi, ya namba ndogo inaisha mapema, utaongeza. Na hawajaweka poda ya kung'arishia, mimi nimemalizia na oksidi ya seriamu kwenye kipande cha ngozi chenye unyevu, opali ikatoka kama ina maji juu yake.

Na yote hayo unafanya kwenye maji. Nimesema ntarudi kwenye barakoa. Opali ni silika, vumbi la silika likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu usiopona, na feruzi ina shaba na alumini ndani yake. Weka bakuli la maji, chovya pete kila baada ya mikwaruzo michache, ule uji wa kijivu ufute na kitambaa kilicholowa, usiuache ukauke mezani ukaja kuupuliza. Ukitumia drili ndogo kuchonga vaa barakoa ya chembechembe inayobana uso vizuri, siyo kitambaa. Glavu za naitraili vaa unaposhika gundi ya UV ikiwa mbichi, watu wanapata mzio wa ngozi nayo na ukishaupata hauondoki. Seti inauzwa kwa wanaoanza, picha ya kwenye boksi inaonyesha mikono mitupu, na kwenye karatasi ya maelekezo hakuna mstari hata mmoja kuhusu vumbi. Hili ndo limenifanya nipunguze nyota kabisa, hata kabla ya ile habari ya feruzi.

Kwa hiyo nyota tatu. Mbili ni za opali na poda nyeusi, moja ya pete. Kama unainunua, nunua pamoja na epoksi ya saa 24, barakoa, glavu na misasa ya 400 na 600 ya ziada, gundi yao ibakize kwa opali peke yake kwenye matabaka membamba, na zile chenga za bluu fanyia mazoezi kwenye kipande cha bati kabla hujagusa fedha.

Pete ya pili ninayo mkononi hapa naandika, mwezi wa tatu huu naivaa, ukucha unapita bila kukwama. Kidani nimejaza vijumba vitano vya opali, viwili vya katikati nimeviacha wazi, nasubiri feruzi niliyoagiza kwa mtu mwingine ifike niipitishie pamba kwanza.