Taa za kuvulia sambaza: chagua betri kwanza

Anayeanza na ekipe yake (mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti) ya kuvua sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, iwe Goma au Bukavu, huingia dukani akiuliza taa ipi inawaka sana. Swali lenye faida ni: inawaka hadi saa ngapi? Sambaza hupanda juu usiku, hukusanyika polepole chini ya mwanga, na taa ikififia saa nane usiku kundi hutawanyika kabla wavu haujainuliwa. Basi tumepanga taa hizi kwa kipimo kimoja: mwanga usiopungua kwa saa 10. Taa mbili za LED za wati 20 kwa muda huo hula wati-saa 400.

Nafasi ya kwanza: LED za volti 12 na betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4. Ya 40 Ah (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) hubeba takriban wati-saa 512, inatosha usiku mzima na akiba kidogo. Hapa ndipo udanganyifu ulipo mwingi, kwa hiyo nenda na mizani. 40 Ah ya kweli hukaribia kilo 5. Ukipewa ya kilo 2 yenye maandishi hayo hayo, irudishe mezani. Hakikisha pia regilata ya pano (kidhibiti cha chaji ya sola) ina mpangilio wa lithiamu.

Taa nazo hudanganya. Mwambie muuzaji aiwashe kwenye betri ya volti 12, upitishe umeme wake ndani ya multimeta (kipima umeme): wati 20 za kweli huvuta ampea 1.6 hivi. Ikionyesha 0.6, umeshikishwa taa ya wati 7 ndani ya ganda kubwa.

Nafasi ya pili: LED zile zile na betri ya risasi na asidi. Bei ya kuanzia ni nafuu, lakini betri hii haipendi kumalizwa. Ukitumia zaidi ya nusu kila usiku, itachoka mapema, kwa hiyo kazi ile ile inadai 70 Ah badala ya 40, na uzito wake mtumbwi utausikia. Betri ya gari si mbadala: imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kutoa umeme mpaka alfajiri. Pima betri ikiwa imepumzika bila mzigo: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu. Mpya inayosoma 12.0 dukani imekaa rafuni bila kuchajiwa, na huenda imeshaharibika.

Ya tatu ni karabai. Mwanga wake ni mzuri, sambaza wanaujua, na fundi wake hakosekani. Ila kubwa hula lita moja kwa takriban saa 8. Karabai mbili kwa saa 10 ni lita 2.5, kila usiku. Soksi yake (kijifuko kinachotoa mwanga) huvunjika kwa mtikiso wa mawimbi, kioo cha moto hupasuka kikidondokewa na mvua, na mafuta machafu huziba tundu la mvuke. Pampu isiposhika presha, mara nyingi ngozi yake imekauka: itie mafuta matone mawili. Na ukituma mtoto dukani, mfafanulie: petroli ya huku ndiyo mafuta ya taa, esansi, ile ya magari, ni jambo jingine. Esansi ndani ya karabai inaweza kulipuka mikononi mwako.

Ya mwisho, taa zenye betri ndani. Za kuangazia jikoni tu.

Usibane pesa kwenye waya. Toka betri iliyo mtumbwi wa katikati hadi ncha ya miti ni kama mita 10. Waya wa 0.75 mm² wenye taa zote mbili hupoteza volti 1.5 njiani, na taa zinafifia hata betri ikiwa imejaa. Chukua wa 2.5 mm². Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na betri, maana waya hukwaruzwa na miti, na waya uliochubuka bila fyuzi ni moto.

Pano: wati 150. Ya 100 hushindwa kurudisha wati-saa 400 siku ya mawingu, na msimu wa mvua mawingu hayatuombi ruhusa. Goma ifute vumbi jeusi kila asubuhi. Ukikosa hela ya vyote kwa mpigo, nunua taa moja na betri ya 20 Ah, uanze usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, sambaza hutawanyika kwenye mwanga wake, na hata taa nzuri huvua kidogo.