Ferrari Testarossa: tamu kuiendesha, ila ikague vizuri kabla hujalipa

Jamani hii gari ukiiwasha, injini ya silinda 12 lita 4.9 inanguruma hapo hapo nyuma ya mgongo wako, mlio unakuingia mpaka kifuani, na mi naipenda hivyo hivyo na upana wake wote na zile mbavu za milangoni. Ilizinduliwa Paris 1984, mpaka 1991 zikawa zimetengenezwa zaidi ya 7,000, ndo maana miaka mingi watu waliiona ya kawaida tu, bei ikalala, sasa waliokuwa watoto enzi zile wameshika hela na wanazitafuta kweli kweli. Za mwanzo zenye kioo kimoja tu cha pembeni, kimewekwa juu kabisa, hizo ndo zinagombaniwa zaidi.

Pagumu ni matengenezo. Kubadilisha taiming belti (mkanda unaofanya sehemu za ndani ya injini zizunguke kwa mpangilio) inabidi injini nzima ishushwe, na belti inazeeka hata gari ikilala tu ndani, kwa hiyo muuzaji akikwambia "haijatembea sana" wewe omba risiti za sevisi kwanza, yaani mileji ndogo bila risiti mi siinunui kabisa. Namba za injini na chasisi zilingane na makaratasi, maana siku ukitaka kuiuza mnunuzi atakuuliza hayo hayo. Na muuzaji akikukatalia kuleta fundi wako aikague, ondoka.

Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeitoa sababu ya belti.