Mafunzo ya maelezo ya onyo kwa wasaidizi wa kisheria: tathmini yangu

Nimehudhuria mafunzo ya siku moja yaliyoandaliwa na kituo cha msaada wa kisheria mkoani kwetu Morogoro, mada ikiwa ni lini mahakama hukataa ungamo la mshtakiwa, na ninayapendekeza kwa kila msaidizi wa kisheria wa kata, ingawa yana upungufu mmoja.

Mwezeshaji hakuanza na vifungu. Alitugawia nakala, iliyofutwa majina, ya maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya kwamba halazimiki kusema na kwamba atakalosema laweza kuwa ushahidi, akatuagiza tusome saa tu: mtuhumiwa alikamatiwa sokoni, hatua chache kutoka kituoni, saa 2:00 asubuhi, maelezo yakaanza kuandikwa saa 9:30 alasiri, wala hapakuwa na kibali cha kuongeza muda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi muda wa saa 4 tu kumhoji aliye chini ya ulinzi, na ingawa muda wa kumsafirisha hauhesabiwi, hapo safari haikuwepo.

Kilichonigusa zaidi ni somo la wakati wa kupinga. Niliwahi kuketi mahakamani nikamsikia kijana wa kwetu akieleza, katika utetezi wake, kwamba alipigwa ndipo akatia dole gumba. Alikuwa amechelewa: pingamizi kwamba ungamo halikutolewa kwa hiari hutolewa kabla halijapokelewa mahakamani kama kielelezo, ili mahakama isimamishe shauri na kulichunguza kwanza, jambo ambalo Mahakama Kuu huliita kesi ndani ya kesi, na humo mzigo wa kuthibitisha hiari ni wa upande wa mashtaka. Laiti ningelijua hilo siku ile.

Upungufu uko kwenye vitu vilivyokamatwa kwa upekuzi usiofuata sheria, mada iliyopewa dakika 20 za jioni watu wakiwahi mabasi. Si kila kitu cha namna hiyo hutupwa; mahakama hupima uzito wa kosa, ukubwa wa ukiukwaji, na kama ushahidi ungeweza kupatikana kihalali, na anayetaka upokelewe ndiye anayepaswa kuiridhisha. Mizani hiyo ilistahili siku yake, pamoja na mfano wa hati ya ukamataji mali tuishike mkononi kama tulivyoshika yale maelezo.

Huduma ni bure, ukijilipia nauli. Nakala yangu, yenye saa zilizopigiwa mstari, nimeibandika ukutani katika ofisi ya kata.